Ukiusogeza Mwezi, Yafuate Maji: Sayansi Katika Ulimwengu wa Kubuni

Hotuba hii niliitoa mjini Mombasa mbele ya waandishi, walimu wa Kiswahili na wanafunzi wao. Waliokosa kufika wameiomba, nami nayaweka hapa maneno yote kama nilivyoyasema.

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, waandishi wenzangu, na nyinyi wanafunzi mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti: asalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Kabla sijafika mbali, niitikieni. Hadithi, hadithi!

Naam. "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Hivyo ndivyo tulivyowaitikia bibi zetu. Uongo tuliualika kwa jina lake, hadharani, hata hadithi haijaanza. Hakuna aliyelaghaiwa. Ila sikilizeni kipande cha mwisho: utamu kolea. Uongo tumeuita, na tumeupa kazi ya kufanya. Ukija hauna ladha, watoto wanasinzia, au wanaanza kubisha.

Na mnakumbuka tulikuwa tukibisha nini? Sungura akizungumza na fisi, hakuna mtoto aliyeuliza sungura amejifunza kusema wapi. Hilo tulimpa bibi bure. Lakini bibi akichoka, akasema sungura alimshika tembo mkia akamrusha ng'ambo ya mto, hapo mtoto anainuka: "Aa, bibi, sungura ni mdogo!" Mtoto amemkubali sungura anayesema, amemkataa sungura mwenye nguvu za tembo. Kwa nini? Kwa sababu udogo ndio uliomfanya sungura awe mjanja. Ukimpa nguvu, ujanja wake hauna sababu tena, na hadithi yote imelala chali.

Leo nimeombwa niseme juu ya hadithi za kisayansi: safari za angani, sayari ngeni, mashine zenye akili, dunia ya miaka 200 ijayo. Swali nililopewa ni hili: mwandishi anapobuni ulimwengu, sayansi yake iwe sahihi kiasi gani?

Nitalijibu mapema ili msije mkakaa roho juu. Usahihi wa jambo unaloanza nalo hauna uzito mkubwa kama wasomaji wakali wanavyodai. Kuyafuata matokeo ya jambo hilo kuna uzito kuliko waandishi wengi wanavyopenda kusikia. Geuza kanuni ya maumbile ukitaka, ruhusa unayo. Ukishageuza, fuata. Fuata mpaka jikoni, fuata mpaka msikitini na kanisani, fuata mpaka sokoni na kitandani. Hapo ndipo ulimwengu wa kubuni unapokuwa ulimwengu.

Mwaka 1865 Mfaransa Jules Verne alitoa riwaya ya watu watatu wanaorushwa kwenda mwezini kwa mzinga. Mzinga wenyewe ni shimo lililochimbwa ardhini kule Florida, urefu wake futi 900, kama mita 274. Verne hakuwa mtu wa kubahatisha. Florida aliichagua kwa hesabu za latitudo. Aliujua mwendo unaotakiwa ili kitu kiiponyoke Dunia, karibu kilomita 11 kwa sekunde, akautaja. Mwaka 1969 watu watatu wa kweli waliondoka Florida hiyohiyo, na wawili wao wakaukanyaga mwezi.

Sasa na sisi tumpigie hesabu. Kitu kikitakiwa kifikie kilomita 11 kwa sekunde ndani ya mita 274, basi kila kilichomo kinasukumwa kwa nguvu inayozidi uzito wake zaidi ya mara 20,000. Abiria wa Verne wangekuwa wamekwisha kufa kabla chombo hakijatoka mdomoni mwa mzinga. Verne aliliona tatizo, akaweka maji chini ya sakafu yapunguze kishindo. Maji yale yasingemwokoa mtu.

Mwaka 1901 akaja Mwingereza, H. G. Wells, na safari yake ya mwezini. Yeye hakupiga hesabu ya baruti. Alibuni kitu kinachozuia uvutano: kiweke kati yako na Dunia, Dunia haikuvuti tena. Verne, mzee sasa, alipoulizwa na mwandishi wa habari hakuficha hasira. Alilalamika kwamba yeye ametumia mzinga na baruti, vitu vilivyopo duniani, na mwenzake amejizulia tu chuma. Kama kipo, basi na kionyeshwe!

Nani alishinda ugomvi huo, ndugu zangu? Mzinga unaua. Chuma hakipo. Kama usahihi ndio roho ya hadithi, vitabu vyote viwili vingezikwa zamani. Mpaka leo vinachapishwa. Wells mwenyewe, katika miaka ya 1930, alieleza siri yake, na mimi nitaisema kwa maneno yangu: mahali ambapo lolote linaweza kutokea, hakuna tena linalovutia. Mwandishi aombe ajabu moja, kisha awatie watu wa kawaida ndani yake na kuona wanaishije nayo.

Wahenga walisema njia ya muongo ni fupi. Kazi yetu sisi ni kuirefusha njia hiyo ifike kurasa 300. Andy Weir, Mmarekani, riwaya yake ya mtu aliyeachwa peke yake kwenye sayari ya Mirihi inaanza kwa dhoruba kali inayowatimua wenzake. Dhoruba ya namna ile haiwezekani, maana hewa ya Mirihi ni nyepesi mno. Mgandamizo wake hauifikii hata asilimia 1 ya wa kwetu, na upepo wa kilomita 100 kwa saa kule ungekupapasa tu. Weir alijua, na amelisema wazi. Aliuhitaji uongo ule mlangoni. Ila baada ya mlango, kila kiazi kinachopandwa na kila lita ya maji inayotengenezwa imepigiwa hesabu. Msomaji anasamehe mlango kwa sababu nyumba imejengwa.

Sasa nataka niwapeleke mbali zaidi, nami nitakaa huko kidogo, kwa sababu sijaona mfano unaoushinda huu.

Mwaka 1953 mwalimu wa sayansi wa shule moja ya Massachusetts, Marekani, aliyetumia jina la Hal Clement katika uandishi, alibuni sayari akaiita Mesklin. Ni sayari kubwa mno, inayozunguka kwa kasi ambayo siku yake moja haifiki dakika 18. Kwa kasi hiyo imebonyea kama chapati. Kwenye ikweta yake kitu hupata uzito mara 3 ya ule wa hapa kwetu. Ukiondoka ikweta kwenda kwenye ncha, uzito unapanda, unapanda, mpaka Clement akaufikisha kiasi cha mara 700.

Wengi wetu tungeishia hapo. Tungesema: sayari ya ajabu, uzito mara 700, haya, tulete vita. Clement akauliza swali la pili: nani anaweza kuishi humo? Mtu mrefu hawezi. Akawaumba viumbe kama tandu, urefu wa sentimita 38 hivi, wenye miguu mingi, waliolala chini kabisa. Bahari yao ni ya methani, maana baridi ya kule ni kali kupita kiasi. Akampa mmoja wao kazi ambayo watu wa mji huu mnaijua: nahodha. Nahodha Barlennan, mfanyabiashara, na chombo chake ni vyelezo vingi vilivyoungwa pamoja.

Kisha akauliza swali la tatu, na hili ndilo ninalowaomba mliandike madaftarini: nahodha huyu anaogopa nini?

Hesabuni pamoja nami. Uzito ukiwa mara 700, kuanguka kutoka kimo cha sentimita 10 ni sawa na kuanguka hapa kwetu kutoka mita 70. Sentimita 10, ndugu zangu. Urefu wa kiganja. Basi watu wa Mesklin wanaogopa kimo kuliko sisi tunavyoogopa moto. Kurusha kitu hawakujui, maana kitu ukikiachia hukioni kikishuka. Umeshtuka kiko chini tayari. Kukaa chini ya kitu chochote, hata dari, kwao ni wazimu. Basi binadamu mmoja aliyefika kule, kwa nia njema kabisa, anamnyanyua Barlennan na kumweka juu ya paa la gari. Wako karibu na ikweta, uzito ni mara 3 tu, akianguka pengine hataumia. Lakini hofu aliyozaliwa nayo haijui ikweta. Nahodha anakaribia kupotewa na akili palepale juu ya paa.

Mnaona alilofanya? Alianza na namba, akamaliza na hofu iliyo ndani ya moyo. Yule kiumbe hana uso kama wetu, hana mikono kama yetu, na unamwelewa kuliko mashujaa wengi wa sinema. Uvutano umezaa tabia.

Na sasa sikilizeni jambo linalomaliza ubishi. Baadaye wasomaji waliipiga upya hesabu ya Mesklin, ikaonekana uzito wa kwenye ncha haufiki 700. Clement aliuweka juu mno. Namba ikaanguka. Je, hofu ya Barlennan ilianguka nayo? Hata kidogo! Kwa uzito mara 250 bado kiganja kimoja cha kimo kinaua. Namba inaweza kukosewa na hadithi ikabaki. Mnyororo wa matokeo ukikatika, hadithi haibaki.

Turudini nyumbani. Mwandishi kijana anaponiletea hadithi, mara nyingi namkuta ameweka miezi miwili angani, au mwezi mmoja mkubwa sana, kwa sababu ni mandhari nzuri. Kisha ukurasa wa pili mvuvi anaenda baharini kama kawaida, na mwezi ule hauna kazi tena mpaka mwisho wa kitabu. Ndugu zangu, msomaji wa Lamu, wa Pemba, wa Mafia, wa Shimoni, atakubali? Mtu aliyelelewa kwa bamvua, maji yanapojaa na kutoka sana, na maji mafu, yanapojaa na kutoka kidogo?

Tuchukue mwezi huu wetu tuusogeze. Sasa uko kilomita 384,000 hivi. Tuulete nusu ya masafa hayo. Badiliko moja tu. Tufuate.

Kwanza maji. Nguvu ya mwezi ya kuyavuta maji hukua haraka unapousogeza: ukiwa nusu ya masafa, nguvu hiyo inakuwa mara 8. Hapa Mombasa maji ya bamvua hupanda na kushuka kiasi cha mita 3 hadi 4. Kwa hesabu ya haraka, tunazungumzia maji yanayopanda zaidi ya mita 20. Nani angejenga Ngome ya Yesu pale ilipo? Lamu ingekuwa kisiwa maji yakijaa, na kilima maji yakitoka. Mikoko ingeota wapi? Akina mama wa Paje na Jambiani wanaopanda mwani, wanaosubiri maji yatoke ili waingie kufunga kamba zao, wangetembea umbali gani kuyafuata maji, na wangekimbia namna gani yakirudi? Hapo kuna riwaya nzima, na bado hatujaondoka pwani.

Pili nuru. Mwezi huo ungeonekana na upana mara 2, na mwanga wake mara 4. Mnajua wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina maana, wanapumzika. Usiku wa giza ungepungua. Bei ya dagaa ingekuwaje?

Tatu, na hapa nawaomba utulivu. Kitu kikiwa karibu huzunguka upesi zaidi. Mwezi wa nusu ya masafa ungeandama kila baada ya siku 10 hivi. Siku 10! Ramadhani ingekuwa ya siku 10, na ingekuja mara 3 ndani ya mwaka mmoja wa jua. Mimba ingehesabiwa karibu miezi 28. Na mjane aliyekaa eda ya miezi minne na siku kumi, angetoka baada ya siku 50 badala ya 130. Moyo wa mtu, je, nao ungepona kwa siku 50 kwa kuwa mwezi umesogea? Wanazuoni wa dunia hiyo wangesemaje? Mama mkwe angesemaje? Kijana anayetaka kumposa mjane huyo, angesubiri kalenda au angesubiri machozi yakauke?

Haya, niambieni. Nimewafundisha fizikia hapo? Nimewaonyesha mjane. Lakini bila ile hesabu ya siku 10 nisingemwona. Ndiyo maana nasema sayansi ina maana katika kazi yetu. Inamwonyesha mwandishi mahali ambapo ubunifu wake mtupu usingemfikisha.

Na mfano mwingine upande huohuo, kwa ufupi. Dunia imeinama kwenye mhimili wake nyuzi 23.4. Kwa mwinamo huo jua huelemea kaskazini, kisha kusini. Bara la Asia linapata joto na kupoa, na upepo wa bahari yetu hugeuka: kaskazi, kisha kusi. Isimamishe Dunia wima, na jahazi la Maskat halina upepo wa kuja wala wa kurudi. Kilwa tunayoijua haipo. Lugha ninayozungumza nanyi sasa hivi sidhani kama ingekuwa hivi. Kwa hiyo ukibuni sayari iliyosimama wima, kisha ukaweka mji wa bandari unaosubiri majahazi ya msimu, mtu wa pwani atakushika mkono pale pale.

Kuna watakaosema: haya ni mchezo wa waandishi, watu wazito hawayafanyi. Wameyafanya. Oktoba 2007 daktari wa Kimalaysia, Sheikh Muszaphar Shukor, alipaa kutoka kituo cha roketi cha Baikonur kwenda Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, Ramadhani ikiwa ukingoni. Kituo kile huizunguka Dunia kila dakika 90 hivi. Jua huchomoza mara 16 ndani ya saa 24. Je, huyu bwana aswali alfajiri mara 16? Kibla kiko wapi, mtu anapopita juu ya Makka kwa kasi ya kilomita karibu 8 kwa sekunde? Wanazuoni wa Malaysia walikaa kitako wakatoa mwongozo. Swala ni tano kwa saa 24, kwa kufuata saa za mahali alipoondokea. Kibla aelekee Kaaba akiweza; asipoweza, aelekee usawa wake; asipoweza, aelekee Dunia; asipoweza kabisa, popote. Saumu anaweza kuilipa akirudi.

Mimi naona mwongozo ule ni kazi bora ya kubuni ulimwengu, ingawa walioandika hawakuwa na nia hiyo. Walichukua jambo moja la fizikia, dakika 90, wakalifuata mpaka kwenye mkeka wa kuswalia.

Tufanye na sisi. Redio kati ya Dunia na Mirihi huchukua dakika 3 sayari zikiwa karibu, mpaka kama 22 zikiwa mbali. Sinema nyingi huvunja sheria hii ili watu wapate kuzungumza kama kwa simu. Mimi nasema, ukiivunja unatupa dhahabu. Bwana harusi yuko Mirihi, bibi harusi yuko Mombasa. Shehe anasema, "Nimekuozesha," na kabuli, jibu la bwana harusi la kukubali, inatakiwa ifuate ijabu, yale maneno ya kuozesha, katika kikao kilekile. Dakika 40 za kimya! Wazee watasema nini? Watasema bwana harusi aweke wakili, na fikihi ina mlango huo. Basi ami yake anakubali kwa niaba yake, vigelegele vinapigwa, biriani inapakuliwa. Kule Mirihi kijana amekaa peke yake mbele ya redio. Kwa dakika 20 ni mume wa mtu, na hajui. Ndani ya dakika hizo 20, kama ni mwandishi wa kweli, una sura ya kitabu. Nani angeipata sura hiyo kwa kuipuuza kasi ya nuru?

Je, kuna hadithi ambayo sayansi ikae pembeni? Ipo. Katama Mkangi, mtoto wa pwani hii, aliyewahi kuwekwa kizuizini mwaka 1986, alitoa *Walenisi* mwaka 1995. Dzombo, aliyehukumiwa, anarushwa kwa chombo na kufika nchi nyingine yenye haki. Kuna msomaji wa Kenya wa mwaka 1995 aliyetaka kujua chombo kile kinatumia mafuta gani? Uzito wa kitabu ulikuwa kwenye mahakama na haki, na huko ndiko Mkangi alikofuata matokeo yake bila kuchoka. Kila kitabu kina mahali kinapobeba uzito. Hapo pasilegee. Kwingine, pita haraka, msomaji atapita nawe.

Na ukilazimika kukunja kitu, angalia unakunja nini. Mwandishi Mwingereza Arthur C. Clarke, aliyehamia Sri Lanka mwaka 1956, aliandika riwaya iliyotoka 1979 kuhusu lifti ya kupandia angani: kamba inayoshuka kutoka kimo cha kilomita 35,786, ambako setilaiti huonekana imetulia mahali pamoja. Kamba hiyo ilitakiwa ifungwe kwenye ikweta, na kisiwa alichokipenda hakiko kwenye ikweta. Clarke hakuigusa sheria ya maumbile. Alikihamisha kisiwa kilomita kama 800 kwenda kusini, akakipa jina la kale, Taprobane, akawaambia wasomaji wazi kwamba amekihamisha. Sisi je? Ikweta inapita Kenya, Uganda na Kongo. Mlima Kenya, mita 5,199, uko karibu kabisa na mstari huo. Hatuna haja ya kuhamisha kitu. Nani kati yenu ataandika hadithi hiyo?

Najua kuna wanaonong'ona: sisi tulisoma fasihi, fizikia tuliiacha kidato cha pili, mambo haya ni ya wenzetu. Ndugu zangu, naomba nilivunje neno hilo leo.

Kaskazini ya Malindi, Ngomeni, kuna kituo kilichojengwa na Waitalia, kilichokuwa kikirushia roketi, na baharini mbele yake majukwaa. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, kutoka jukwaa la San Marco ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kwa kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Kwa heshima ya siku hiyo ikaitwa Uhuru. Kwa nini hapa kwetu? Kwa sababu karibu na ikweta mzunguko wa Dunia unaipa roketi msukumo wa bure, mita karibu 460 kwa sekunde. Uhuru ikaangalia chanzo kimoja cha miale hiyo angani, Cygnus X-1, ikakuta miale yake inapepesa mara kadhaa ndani ya sekunde moja. Kitu kinachopepesa haraka hivyo lazima kiwe kidogo. Kidogo, na kizito mno. Data hizo zilisaidia kukitambua kitu ambacho wanasayansi waliishia kukikubali kuwa shimo jeusi, yaani kitu chenye uvutano mkali kiasi kwamba hata nuru haikiponyoki.

Mwaka 1974 wanafizikia wawili, Stephen Hawking na Kip Thorne, waliwekeana dau juu ya Cygnus X-1 hiyohiyo: Thorne akisema ni shimo jeusi, Hawking akisema sivyo. Hawking alikubali kushindwa mwaka 1990. Na katikati ya miaka hiyo, karibu 1985, mwanasayansi Carl Sagan alikuwa akiandika riwaya. Alitaka shujaa wake, mwanamke, asafiri mbali mno kupitia shimo jeusi. Hakuwa na hakika, akamuuliza rafiki yake Thorne. Thorne akamjibu kwamba shimo jeusi litamuua. Ajaribu njia nyingine, kichochoro kinachounganisha pande mbili za anga. Lakini swali la mwandishi halikumtoka kichwani. Kichochoro hicho kingewezaje kukaa wazi mtu apite? Mwaka 1988 Thorne na mwanafunzi wake Michael Morris walichapisha makala ya fizikia juu ya jambo hilo, na wanasayansi wanaendelea kuyachimba mpaka leo.

Swali la hadithi liliingia mlangoni kwa sayansi na likapewa kiti. Sagan alikuwa mwanasayansi, ndiyo. Hata hivyo, alipofika mahali asipopajua vizuri, aliuliza.

Kwa hiyo ulizeni. Maji mmulize nahodha, anayajua kuliko kitabu. Damu na mimba mmulize mkunga. Mmulize fundi wa jokofu baridi inatengenezwaje, mmulize mwalimu wa fizikia wa shule ya jirani, anayesubiri miaka yote mtu amuulize kitu kisichokuwa cha mtihani. Mpelekeeni swali lililo wazi: nikibadilisha hiki, nini kitafuata? Kisha mrudi muandike, na mkifika pale inapouma, msiruke.

Wanafunzi wa huko nyuma, nimeona mikono imeanza kuinuka tangu niliposema Ramadhani ya siku 10. Mwenyekiti, wape hao nafasi ya kwanza. Na aliyeleta hadithi yenye miezi miwili angani asome ukurasa ule wa mvuvi, tuupigie hesabu ya maji hapa hapa kwa pamoja.